Mtu akifia chumbani, je, mwenye nyumba analazimika kukuambia?

Chumba kilikuwa safi kuliko bei yake. Kuta tatu zilikuwa na rangi ya zamani, manjano iliyopauka, imejaa matundu ya misumari. Ukuta wa nne, upande wa kitanda, ulikuwa mweupe pe na rangi bado inanuka. Kodi ilikuwa shilingi 210,000 kwa mwezi, ilhali majirani wa mstari uleule walilipa 250,000. Dalali alikuwa ameshika ufunguo, akiutikisatikisa kama mtu anayechelewa basi. Mama aliyeletwa kukitazama, muuza chapati ambaye hunilisha asubuhi nyingi hapa Kibuli, Kampala, alitoka nje apige hesabu. Mtoto wa chumba cha pili, akioga kwenye beseni, akamwambia bila kuulizwa: "Humo alikufa jaja," yaani babu.

Jioni suala hilo lilikuwa limeshafika kwenye sigiri, jiko la makaa, ya chapati, na kwa kuwa wateja wanajua niliwahi kuwa karani wa wakili, nikaulizwa kana kwamba sheria niliitunga mimi. Je, mwenye nyumba hakupaswa kumwambia? Kijana wa bodaboda alisema sheria inamlazimisha aseme mpaka mwaka upite. Mwingine akasema ni lazima LC1, mwenyekiti wa mtaa, atoe barua kwanza ndipo chumba kipangishwe tena. Mzee mmoja akasisitiza kwamba kodi ya chumba cha marehemu hushushwa nusu kisheria. Wote watatu walisema kwa uhakika mkubwa, na wote watatu walikosea.

Tuanze na maneno, maana ubishi mwingi hapa unatoka kwenye kuchanganya mambo matatu. Kunyamaza ni kutosema kitu ambacho hujaulizwa. Kudanganya ni kusema kisicho kweli, au kusema nusu ya ukweli ili mtu aamini uongo. Kuficha kwa vitendo ni pale mtu hasemi chochote, lakini mikono yake inafanya kazi ili jambo lisionekane. Kwa macho ya mpangaji aliyeumia yote matatu ni kitu kimoja. Kwa macho ya sheria si kitu kimoja hata kidogo.

Chukua mfano wa pikipiki. Unanunua bodaboda iliyotumika, na aliyekuwa nayo alifariki katika ajali. Muuzaji halazimiki kukusimulia habari za marehemu. Lakini kama ajali ile ilipinda fremu, naye akainyoosha kwa nyundo na kupaka rangi ili usione, hapo hauzungumzii tena habari za msiba. Unazungumzia chombo kitakachokuangusha barabara ya Jinja. Na kama ulimuuliza, "Imewahi kuanguka?" akakujibu, "Haijawahi hata siku moja," hapo ameshaingia kwenye uongo. Karibu kila kitu kuhusu vifo na nyumba za kupanga kimo ndani ya pikipiki hiyo.

Sasa Uganda yenyewe. Sheria kuu ya mambo haya ni Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 2022. Bunge liliupitisha muswada wake mara ya kwanza 2019, Rais akaurudisha, na ulipopita hatimaye ukafuta ile sheria kongwe ya kudhibiti kodi iliyorithiwa kutoka enzi za mkoloni. Sheria hii inazungumzia mikataba, kodi, ukarabati na jinsi ya kumtoa mpangaji. Hakuna kifungu kinachomtaka mwenye nyumba amwambie mpangaji mpya kwamba mtu alifia humo. Hakuna mwaka mmoja, hakuna barua ya LC, hakuna nusu ya kodi. Kodi ikishuka, inashuka kwa sababu ya soko na woga wa watu.

Nadhani ile hadithi ya mwaka mmoja ilitoka kwenye simu. Watu husoma habari za nchi nyingine, zikifika kwenye kijiwe zinageuka kuwa sheria ya Kampala. Na kweli zipo nchi zilizoandika miaka. California, Marekani, sheria inasema kifo kilichotokea zaidi ya miaka 3 iliyopita mwenye nyumba halazimiki kukitaja, ila akiulizwa moja kwa moja haruhusiwi kudanganya. Japani, wizara inayoshughulikia ardhi ilitoa mwongozo Oktoba 2021: mtu akifa kwa uzee, maradhi au ajali ya kawaida ya nyumbani, hakuna haja ya kusema, lakini kukiwa na mauaji au kujiua katika nyumba ya kupanga, mpangaji aambiwe kwa muda wa takriban miaka 3. New South Wales huko Australia wameweka miaka 5 kwa uhalifu mkubwa wa ukatili. Kila nchi imechora mstari wake, na Uganda haijachora.

Pasipo na kifungu, mahakama zetu hurudi kwenye sheria ya kawaida (common law, ile iliyojengwa na maamuzi ya majaji) tuliyoirithi kutoka Uingereza, pamoja na Sheria ya Mikataba ya mwaka 2010. Msingi wa zamani ni kwamba anayechukua kitu afungue macho yake mwenyewe. Huko Uingereza kwenyewe, mwaka 2004, Mahakama ya Rufani iliamua kesi ya Sykes dhidi ya Taylor-Rose. Familia ilikuwa imenunua nyumba bila kuambiwa kwamba zamani kulitokea mauaji ya kutisha ndani yake. Walishindwa. Waliouza walikuwa wamejaza fomu yenye swali la jumla, kama kuna taarifa nyingine ambayo mnunuzi ana haki ya kuijua, wakajibu hapana, na mahakama ikaona walijibu kwa imani ya kweli kwamba hawalazimiki. Uamuzi wa London hauwafungi majaji wa Kampala, lakini wao huusoma. Mimi kilichonigusa katika kesi hiyo ni udhaifu wa swali lenyewe. Swali pana lilipata jibu jepesi. Lingeulizwa, "Kuna mtu aliyeuawa humu?" jibu la hapana lingekuwa uongo mtupu.

Hapo ndipo Sheria ya Mikataba inapoingia. Inasema ridhaa ya kuingia mkataba iwe huru, na ridhaa iliyopatikana kwa udanganyifu au kwa maelezo ya uongo si huru. Mkataba wa namna hiyo haufi wenyewe, lakini aliyedanganywa anaweza kuuvunja na kudai chake. Katika maana ya udanganyifu, sheria hiyo inahesabu pia kile nilichokiita kuficha kwa vitendo, yaani mtu anayejua jambo kisha anafanya bidii lisijulikane. Ila usikimbilie kila ukuta uliopakwa rangi. Kupaka rangi chumba baada ya msiba ni usafi na heshima. Kupaka rangi juu ya ufa unaoelekea kuangusha ukuta ni jambo jingine.

Nusu ukweli nayo ina uzito wake. Mpangaji anauliza, "Aliyekuwa humu yuko wapi?" na anajibiwa, "Alirudi kijijini." Ni kweli alirudi kijijini, akiwa ndani ya jeneza, juu ya pikapu, na majirani wamechanga mabugo, yaani rambirambi. Hapa mjini wengi hawazikwi, hurudishwa kwa mababu zao, kwa hiyo jibu hilo limekuwa kama methali ya madalali. Mahakamani linaweza kuhesabiwa uongo, kwa sababu lilisemwa ili aliyeuliza aelewe kinyume.

Je, mwenye nyumba anaweza kukataa kujibu? Anaweza. Akikuambia, "Hayo ni ya familia ya watu, sitaki kuyazungumza," hajavunja sheria yoyote. Lakini wewe umeshapata jibu lako.

Kilichomuua

Sasa nifike penye uzito. Watu wengi huuliza nani alikufa, na swali lenye faida ni nini kilimuua. Sheria inayonyamaza kuhusu kifo hainyamazi kuhusu hatari. Ile sheria ya 2022 inamtaka mwenye nyumba ahakikishe nyumba inafaa kwa binadamu kuishi na kuitunza iwe katika hali nzuri. Mpangaji akifa kwa sababu ya kitu kilichomo ndani ya jengo, kitu hicho hakizikwi pamoja naye.

Fikiria umeme. Katika mitaa mingi ya vyumba vya mizigo (neno la Kiganda kwa vile vyumba vya kupanga vilivyokaa mstari, mgeni kutoka Mombasa hucheka akisikia mtu analala kwenye muzigo) nyaya zimeungwa na kamyufu, fundi asiye na leseni anayekuja usiku. Mtu akinaswa na umeme akishika mlango wa bati, mwenye nyumba akarudisha tu bati jipya na kupangisha, hilo si suala la kutaja au kutotaja marehemu. Amempangishia mtu mtego.

Au fikiria sigiri. Hii ndiyo inayoua kimyakimya zaidi, na ndiyo inayozaa hadithi nyingi za majini. Makaa yakiwaka mahali pasipo hewa ya kutosha hutoa gesi ya kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu. Ikiingia kwenye damu inachukua nafasi ya oksijeni, mtu anapata kizunguzungu, kichwa kinamuuma, anajilaza kidogo apumzike, na haamki. Mvua ya usiku inaponyesha, watu huingiza sigiri ndani, wanaziba matundu ya juu ya mlango kwa matambara ili baridi isipite. Asubuhi wanakutwa wamelala kama walivyolala, hakuna jeraha, na mtaa mzima unaanza kunong'ona. Mpangaji anayefuata anaambiwa chumba kina mzimu. Anamwita sheikh au mchungaji, anaombewa, kisha anawasha sigiri yake mlemle, matundu bado yamezibwa. Sisemi dua haina maana; hata mimi ningeomba. Ila matambara yatolewe kwanza.

Kuna na maradhi ya kuambukiza, na hapa ndipo kuna jambo lililowashangaza wote pale kwenye chapati, hata mimi nilipolisoma mara ya kwanza. Sheria ya Afya ya Umma, iliyoanza kutumika 1935, inakataza mtu kupangisha kwa kujua nyumba ambamo alikuwemo mgonjwa wa maradhi ya kuambukiza kabla nyumba na vitu vilivyomo havijatakaswa kwa kuridhika kwa ofisa wa afya. Na anayetaka kupanga akiuliza kama humo kulikuwa na mgonjwa wa namna hiyo siku za karibuni, jibu la uongo ni kosa la jinai. Kwa hiyo ile sheria ya kikoloni, iliyoandikwa zama za tauni na ndui, ndiyo yenye wajibu ulio wazi kuliko ile ya 2022. Haijali kama mgonjwa alikufa au alipona. Inajali alichoacha.

Hili si jambo la vitabuni. Tarehe 30 Januari 2025 Uganda ilitangaza mlipuko wa Ebola aina ya Sudan hapa Kampala baada ya muuguzi mmoja kufariki, na ukatangazwa kumalizika tarehe 26 Aprili. Wakati ule, kama ilivyokuwa Mubende na Kassanda mwaka 2022, kikosi cha afya kilikuwa kinapulizia klorini nyumba za wagonjwa. Chumba kilichopuliziwa na kuruhusiwa ni salama. Chumba ambacho mgonjwa wake alifichwa, godoro likauzwa na sakafu ikafagiwa tu, ndicho sheria ile inachokilenga.

Lakini tusipitilize upande wa pili. Wazee wanakumbuka miaka ya 1980 na 1990, wakati wa silimu, jinsi chumba cha aliyekufa kwa ugonjwa huo kilivyokimbiwa, hata vikombe vikatupwa. Virusi vya Ukimwi havikai ukutani, havikai kwenye choo, wala havimngoji mpangaji mpya. Sukari, presha, saratani, figo ni vivyo hivyo. Hata kifua kikuu hupita kwa pumzi ya mgonjwa aliye hai, na chumba kilichofunguliwa madirisha na kupigwa na jua hakina cha kukutisha. Mwenye nyumba asiyekutajia Ukimwi, sukari au saratani ya marehemu hakunyimi haki yako. Anatunza siri ya mtu asiyeweza tena kujitetea, na kwa maoni yangu anafanya vyema.

Damu, polisi na mlango uliofungwa

Kwa vifo vya ghafla, mauaji au kujiua, wajibu wa kwanza wa mwenye nyumba ni kwa polisi, si kwa mpangaji ajaye. Kifo kisicho cha kawaida huripotiwa, mwili hauondolewi mpaka polisi waruhusu, na chumba hakioshwi kwa sababu mwenye nyumba anataka kuwahi tarehe moja. Maji yanayoosha damu yanaosha na ushahidi. Wapo wanaoita mfagiaji kabla ya kumwita ofisa wa kituo, eti wanalinda jina la nyumba. Wanaweza kujikuta wakijieleza kuliko hata mshukiwa.

Baada ya polisi kumaliza na chumba kusafishwa, mwenye nyumba yuko huru kupangisha, na tunarudi palepale: hajaulizwa, anaweza kunyamaza; ameulizwa, asidanganye. Mimi binafsi naona hapa sheria yetu ina pengo. Kwa kifo cha mzee kitandani sioni haja ya tangazo. Watu hufa majumbani, na nyumba ya zamani isiyowahi kufiwa ni nadra. Lakini msichana anayehamia peke yake kwenye chumba ambacho mlango wake ulivunjwa na mtu akauawa miezi miwili iliyopita, muuaji hajakamatwa na kitasa ni kilekile, anastahili kujua. Hilo ni suala la usalama wake, na lingeweza kuandikwa kwa sentensi mbili.

Kuhusu vitu vya marehemu nitasema kwa ufupi, kwa sababu vinaleta ugomvi kuliko mizimu. Kitanda, simu na televisheni si fidia ya kodi iliyobaki. Ni mali ya mirathi, na anayeigusa bila mamlaka anafanya kosa kisheria, hata kama anadai miezi mitatu. Njia ni kuiorodhesha mbele ya LC na ndugu, kuihifadhi, na kudai deni kwa msimamizi wa mirathi. Ukipangishiwa chumba chenye godoro na kabati "za bure", uliza ni za nani.

Namna ya kuuliza

Turudi kwa mama wa chapati. Nilimwambia asiulize, "Chumba hiki hakina shida?" kwa sababu hakuna chumba ambacho dalali amewahi kusema kina shida. Wala asimuulize dalali. Dalali analipwa siku unapotoa pesa, na mara nyingi ukweli hajui. Amuulize mwenye nyumba mwenyewe, kwa heshima, maswali mafupi yanayojibika kwa ndiyo au hapana, na amuulize kwa maandishi.

Maandishi si lazima yawe karatasi ya wakili. Sheria ya 2022 inakubali mkataba wa mdomo kwa upangaji mdogo, lakini upangaji wenye thamani ya pointi 25 za fedha au zaidi, yaani shilingi 500,000, unatakiwa uandikwe au uwe katika ujumbe wa kielektroniki. Kodi ya miezi mitatu, ambayo wengi huombwa kwa mkupuo, inapita kiasi hicho kwa vyumba vingi vya siku hizi. Kwa hiyo WhatsApp yako ni shahidi. Mnayoyasema barazani yanapotea na upepo, na ukifika kwenye utaratibu wa mahakama wa madai madogo, ule usiozidi shilingi milioni 10 na usiohitaji wakili, utaulizwa ulichoambiwa kiko wapi.

Tuliuandika ujumbe pamoja, yeye akinisomea huku akigeuza chapati kwa mkono mwingine. "Asalaam aleikum Hajati. Mimi ndiye niliyetazama chumba namba nne. Naomba kujua mambo matatu kabla sijaleta pesa. Kuna aliyefariki humo hivi karibuni? Kama yupo, ni kwa maradhi ya kuambukiza, au kwa umeme, moto au kitu chochote cha nyumba? Na ule ukuta ulipakwa rangi kwa sababu gani? Samahani kwa maswali, ni kwa ajili ya watoto."

Nilitegemea Hajati akasirike. Jibu lilikuja baada ya swala ya isha, kwa sauti, akiwa anatafuna kitu. Ndiyo, alikufa mzee, mwezi uliopita, kwa sukari. Alikaa humo miaka 11 na hakuwahi kudaiwa. Ukuta ulikuwa mweusi kwa moshi, maana miguu ilipomshinda alikuwa akipikia palepale kitandani. Bei ilishuka kwa kuwa watu wawili walishakimbia baada ya kusikia maneno ya yule mtoto. "Wewe wa kwanza kuniuliza mimi," akasema.

Mama wa chapati alihamia Jumamosi. Nilikwenda kumsaidia kubeba meza, na kabla hatujaingiza kitu chochote alisimama juu ya kiti akitazama matundu sita ya hewa juu ya mlango. Yote yalikuwa yamezibwa. Mzee wa watu alikuwa akiogopa baridi. Matambara matano yalitoka kwa vidole, meusi kama lami. La sita lilikuwa limegandamana na saruji, tukaazima koleo kwa jirani.